Moshi wa Jirani, Gunia la Punda na Maji ya Kisima: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Taka na Sheria

Barua zilizonifikia tangu kusi ianze kuvuma zimeelekea upande mmoja. Waandishi wake ni wakaazi wa Mji wa Kale wa Lamu na wa Shela, na wote wanauliza kuhusu taka: zinazochomwa, zinazolipiwa, zinazobebwa na punda, na zile zinazokuja zenyewe na maji. Nimechagua tano. Nimefupisha maneno pale yaliporudiwa, na nimeondoa majina ya watu, ya vichochoro na ya afisi zinazolalamikiwa, kwa sababu safu hii hufafanua sheria na haiamui kesi za watu.

Assalaamu alaykum, Bi Wakili. Nyuma ya nyumba yetu pana gofu ambalo wenyewe walihama zamani. Jirani yangu hulimbika taka zake humo na kuzitia moto kila baada ya sala ya magharibi. Moshi huingia dirishani kwangu, na nina mjukuu wa miaka minne ambaye kifua chake hubana. Nilipomwendea alinijibu kwa adabu kwamba wazoa taka hawafiki kichochoroni kwetu, kwamba kila mtu huchoma, na kwamba sheria ya mazingira ni ya viwanda, si ya maganda ya ndizi. Je, ni kweli? Na nikitaka kushtaki, nitatakiwa nilete barua ya daktari kuthibitisha kuwa ni moshi ule uliomdhuru mtoto? — Bibi, Langoni

Wa alaykumu salaam, Bibi. Jirani yako amekosea katika mawili na amepatia katika moja, na hilo alilopatia nitalirudia, kwa kuwa ndilo litakalowapatanisha.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba sheria hutazama viwanda peke yake. Kifungu cha 87 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 kinamkataza mtu yeyote kutupa taka kwa namna itakayochafua mazingira au kumletea mtu maradhi. Sheria imesema mtu yeyote, wala haikuuliza kama taka hizo zimetoka kwenye kiwanda cha saruji au jikoni kwa mama wa watoto watatu. Juu ya kifungu hicho pana Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na katika Ibara ya 69 inamtwika kila mtu wajibu wa kushirikiana na serikali na watu wengine katika kuyalinda. Kwa hiyo jirani yako ana haki ile ile uliyo nayo wewe, na wewe una wajibu ule ule alio nao yeye.

Kosa la pili ni hoja ya kwamba kila mtu huchoma. Hoja hii imewahi kufika Mahakama Kuu, na yaliyotokea yanafaa kusimuliwa. Wenye majumba katika mji mdogo wa Kiserian, karibu na Nairobi, walishtakiwa kwa kuacha maji machafu yatiririke hadi mtoni. Walilalamika kwamba wamechaguliwa wao huku wenzao wakiachwa, na katika uamuzi wa mwaka 2006, ambao mawakili huuita kesi ya Waweru, mahakama iliwakubalia na kuyaondoa mashtaka. Lau majaji wangeishia hapo, jirani yako angekuwa na kauli. Hawakuishia hapo. Walisema kuwa haki ya kuishi haitengani na mazingira yanayomfaa binadamu, kisha wakaeleza kwa urefu kanuni ya tahadhari, kanuni ya mchafuzi kulipa, na dhamana iliyowekwa mikononi mwa serikali juu ya maji ya umma. Ubaguzi katika kushtaki ulimtoa mtu kizimbani, lakini haukuufanya uchafuzi wenyewe kuwa halali.

Sasa nije kwenye barua ya daktari. Ibara ya 70 ya Katiba inasema wazi kwamba anayekwenda mahakamani kulalamikia mazingira halazimiki kuthibitisha kuwa yeye au mtu mwingine amepata hasara au dhara. Inatosha haki hiyo iwe imevunjwa au iwe hatarini kuvunjwa. Kifungu hiki hukamatana na kanuni ya tahadhari, ambayo sheria ya 1999 imeieleza hivi kwa maneno yangu: panapokuwa na tishio la kuharibu mazingira, kutokuwepo kwa uhakika kamili wa kisayansi si sababu ya kuahirisha hatua za kuzuia ambazo gharama yake inakubalika. Kwa hiyo ukitaka moto ule ukome, huhitaji kumpima mtoto. Ukitaka fidia, hapo mambo hubadilika, na cheti cha daktari kitakuwa na uzito. Nakushauri ukihifadhi, lakini usikingojee.

Katika taka za siku hizi, tahadhari yenyewe si ya kubahatisha. Zamani kilichochomwa nyuma ya nyumba kilikuwa makuti na majani. Leo ni vifuko vya maziwa, nepi, nyaya na viatu vya plastiki. Baadhi ya plastiki, hasa zile zenye klorini kama mabomba na ngozi bandia za viti, zikiungua kwa moto mdogo wa taka hutoa dioksini, ambazo ni sumu inayokaa mwilini kwa miaka. Moto wa gofuni haufikii joto la kuziteketeza. Huzipika tu na kuzipeleka dirishani kwako.

Alipopatia jirani yako ni hapa: Jedwali la Nne la Katiba limeziweka shughuli za kuzoa taka na kusimamia majaa mikononi mwa serikali za kaunti. Ikiwa mzoaji hafiki kichochoroni kwenu, basi wapo wawili wanaodaiwa, naye ni mmoja tu kati yao. Ibara ya 70 inairuhusu mahakama kumzuia anayechoma, na vilevile kumwamuru afisa wa umma achukue hatua aliyoiacha. Mtu anayemshtaki jirani peke yake katika jambo kama hili huwa amekamata mkia na kuachia kichwa.

Kabla ya mahakama kuna njia fupi, nami sioni haya kuipendekeza mbele yake. Sheria ya 1999 inaitaka mahakama iongozwe pia na kanuni za kitamaduni ambazo jamii imezitumia kulinda mazingira yake, mradi haziendi kinyume cha haki wala cha sheria. Lamu hatukosi kanuni hiyo. Maneno ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana, yanajulikana na kila aliyepita chuoni, na jirani yako amepita. Mwiteni mzee wa mtaa, mkae barazani, na mkubaliane kwamba moto unakoma na nyumba zote za kichochoro zinachanga kumlipa mtu mwenye punda apite mara mbili kwa wiki. Yaandikeni. Yakishindikana, nenda kwa afisa wa afya ya umma, ambaye Sheria ya Afya ya Umma inampa uwezo wa kutoa notisi ya kuondoa kero, na baada yake kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iwe ya mwisho.

Bi Wakili, mimi ni mvuvi niliyeacha bahari. Nyumbani tupo watatu. Ada ya taka ninayolipa ni sawa na ya nyumba ya wageni iliyo mbele yangu, yenye vyumba kumi na viwili na jiko la kupikia watalii. Nimesikia kuwa ipo kanuni ya mchafuzi kulipa. Inanisaidia? Tena mwenye nyumba hiyo husema kwamba maadamu amelipa, ana ruhusa ya kutoa chochote. — Nahodha mstaafu, Mkomani

Inakusaidia, Nahodha, ingawa si kwa upesi unaoutaka.

Kanuni ya mchafuzi kulipa ilikubaliwa na nchi tajiri, zikiwemo za Ulaya na Marekani, mwaka 1972, ikaingizwa katika Azimio la Rio, la mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira na maendeleo, mwaka 1992, na sasa ni miongoni mwa kanuni zilizotajwa katika kifungu cha 3 cha sheria yetu ya 1999. Maana yake ya msingi ni kwamba gharama ya uchafu isimwangukie asiyeufanya. Sheria yetu, tukitaka kusema kwa usahihi, imeifasiri kwa ufinyu, ikimtaja aliyetiwa hatiani kuwa ndiye atakayelipa gharama za kusafisha na za kuwafidia walioumia. Ada yako ya kila mwezi si adhabu ya hatia, kwa hiyo huwezi kwenda mahakamani ukaonyesha tafsiri hiyo na kudai urejeshewe shilingi zako.

Lakini ada nayo ina sheria yake. Katiba, katika Ibara ya 210, haikubali ada ya leseni wala kodi isiyotokana na sheria, na katika Ibara ya 201 inataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki na watu washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Viwango vya ada za kaunti hupangwa katika sheria ya fedha ambayo hujadiliwa upya kila mwaka, na mswada wake hauwezi kupita bila wananchi kuitwa kutoa maoni. Hapo ndipo kanuni ya mchafuzi kulipa inapopata meno kwa mtu kama wewe. Andika waraka wa ukurasa mmoja, ueleze kwamba nyumba ya watu watatu na nyumba ya vyumba kumi na viwili hazitoi mzigo mmoja, na upendekeze kipimo, kwa mfano idadi ya magunia au ya vyumba. Mikutano hii nimeihudhuria, na kwa kawaida viti vya mbele hukaliwa na wenye biashara, ambao hawana sababu ya kukuzungumzia wewe.

Ama neno la mwenye nyumba ya wageni kwamba aliyelipa ana ruhusa, hilo ni kuigeuza kanuni kichwa chini. Ada ni malipo ya kazi ya kubeba, na haimnunulii mtu uhuru wa kuchafua. Angelipa mara kumi, bado asingeruhusiwa kutia mafuta ya kukaangia mtaroni wala chupa zilizovunjika ndani ya gunia la maganda. Kanuni ya kuzuia hutangulia ile ya kulipa, kwa sababu yapo madhara ambayo hela haiyarudishi. Mtaro wa Mkomani ukishapeleka mafuta baharini, hakuna risiti itakayoyarudisha jikoni.

Shikamoo, Bi Wakili. Mimi na wenzangu wawili tunabeba taka za nyumba kwa punda. Wiki iliyopita mwenzetu alichomwa na sindano iliyokuwa ndani ya gunia, na mwezi wa Ramadhani mimi nilikatwa kiganja na kioo. Watu hufunga kila kitu pamoja. Tukiwaambia watenge, hucheka na kusema kuwa kutenga ndiyo kazi tunayolipwa. Nani mwenye makosa kisheria? — Mbeba taka, miaka 23

Marahaba, kijana wangu, na mpe pole mwenzako. Kabla ya sheria, muulize kama amekwenda hospitali. Jeraha la sindano ya mtu usiyemjua halifai kungojea. Dawa za kukinga virusi vya ukimwi zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na kwa kuwa wiki imepita ni lazima apimwe bila kuchelewa zaidi, virusi hivyo na homa ya ini pamoja.

Kuhusu makosa, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imeliweka jambo la kutenga mwanzoni kabisa, pale taka inapozaliwa. Taka zinazooza zikae peke yake, zisizooza peke yake, na zile za hatari zisichanganywe na yoyote kati ya hizo. Anayezalisha ndiye anayetenga. Kanuni za Usimamizi wa Taka za mwaka 2006 nazo zilikwisha kumwekea mzalishaji jukumu la kuhakikisha taka zake zinafika mahali panaporuhusiwa, kupitia mtu mwenye leseni. Kwa hiyo wanaokucheka wanacheka na sheria ikiwa upande wako. Kazi unayolipwa ni kubeba.

Lakini nami nina la kuungama. Baada ya kusoma barua yako nililimwaga gunia la nyumbani kwangu juu ya gazeti uani, nikalitazama. Palikuwa na maganda ya maembe na ya ndizi, matumbo ya changu ambayo paka walikuwa wamekwisha kuyanusa, chicha ya nazi mbili, majani ya chai, chupa tatu za maji, nepi, betri mbili za tochi, na kijembe cha kunyolea kilichopenya nailoni ya gunia, makali yakiwa nje. Mimi niandikaye safu ya sheria. Kijembe kile kingekupata wewe.

Vitu hivyo nikavipanga. Vya kuoza vilikuwa zaidi ya nusu, na ndivyo ilivyo katika miji yetu mingi. Nikamkumbuka marehemu nyanya, ambaye hakujua kanuni hata moja ya NEMA, na ambaye nyumba yake haikutoa gunia. Chicha ilikwenda kwa kuku, matumbo ya samaki kwa paka, vifuu vilikuwa kuni za kukaangia, makumbi yalifukiwa ufukoni hadi yakawa usumba wa kusokotea kamba, na jivu likasugua masufuria. Sisemi turudi huko. Nyanya hakuwa na nepi za plastiki wala betri. Nasema tu kwamba kilichobaki baada ya kutenga kilikuwa kidogo kiasi cha kuingia katika kikapu kimoja, na punda wako angefanya safari moja badala ya tatu.

Fanyeni mambo mawili. Kwanza, jiandikisheni kuwa kikundi na muulize NEMA na kaunti juu ya leseni ya kusafirisha taka, kwa maana bila leseni nanyi mko nje ya sheria, na mwenye nyumba aliyeumiza anaweza kukugeuzieni hoja hiyo. Pili, kataeni gunia lililochanganywa. Andikeni sharti hilo katika karatasi ya makubaliano na kila nyumba: vya kuoza katika pakacha au ndoo, vikavu katika gunia, na vyenye ncha na makali katika kopo lenye kifuniko. Sindano za mgonjwa wa sukari zirudishwe kwenye zahanati zilikotoka. Na glavu nzito za ngozi ni gharama ya kazi, ziingizeni katika bei.

Assalaamu alaykum. Sisi ni wazee wa mtaa ulio karibu na visima. Tumesikia kuwa panakusudiwa kuwekwa mahali pa kukusanyia taka si mbali na visima hivyo. Tulipouliza, tukaambiwa kwamba hakuna uthibitisho wowote kuwa maji yataharibika, na kwamba tuliitwa mkutanoni hatukuja. Wito wenyewe tuliuona umebandikwa kwa Kiingereza, siku moja kabla. Tufanye nini? — Wazee wa mtaa

Wa alaykumu salaam, wazee wangu. Swali lenu ndilo lililonifanya nichelewe kuipeleka safu hii kwa mhariri, kwa sababu limebeba ndani yake karibu kanuni zote za sheria ya mazingira, nami nilitaka kuzichambua taratibu.

Nianze na maji, maana hapo ndipo Lamu inapotofautiana na miji ya bara. Maji matamu ya kisiwa chetu ni mvua iliyochujwa na mchanga, hasa ule wa vilima vya Shela, na hukaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini yake kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Tabaka hilo ni jembamba, na mchanga unaolipitishia mvua kwa wepesi ndio unaopitisha pia uchafu kwa wepesi. Taka zinazooza zikinyeshewa hutoa maji meusi yenye vijidudu na chumvi za nitrojeni, na chini yake ikiwa ni mchanga mtupu, hayana mahali pa kwenda ila chini. Kisima kikiharibika, hatuna mto wa kukimbilia.

Kwa sababu hiyo jibu la kwamba hakuna uthibitisho ni jibu lisilotosha. Linamtaka mnywaji wa maji athibitishe dhara kabla halijatokea, na kanuni ya tahadhari ilitungwa kuligeuza sharti hilo: dhara likiwa kubwa au lisiloweza kurudishwa nyuma, shaka humfaidi mnywaji. Anayetaka kuweka taka ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba sakafu itazibwa, kwamba maji meusi yatakusanywa, na kwamba umbali na mwelekeo wa maji ya chini vimepimwa. Pahali pa kutupia taka ni miongoni mwa miradi ambayo sheria ya 1999 inaitaka ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kazi kuanza, na ripoti ya tathmini ni waraka wa umma. Iombeni kwa maandishi. Ibara ya 35 ya Katiba inawapa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Ama mkutano, hapo mna mfano wa nyumbani kwenu. Juni 2019, jopo la kitaifa la kuamua mizozo ya mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, wa megawati 1,050, uliokusudiwa kujengwa upande wa bara wa kaunti yetu, na sababu kuu ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Ripoti ilikuwepo na mikutano ilifanyika, lakini jopo halikuridhika na sura ya ushirikishwaji. Lilitaka watu wawe wamepewa habari za kutosha na nafasi ya kuzijibu. Kama mradi mkubwa kiasi hicho ulisimama kwa kasoro hiyo, basi karatasi iliyobandikwa siku moja kabla, kwa lugha ambayo wazee hawaisomi, haiwezi kuwa wito.

Angalieni muda. Rufaa kwa jopo hilo dhidi ya leseni ina siku 60, na siku hazingojei kikao cha wazee. Iwapo leseni bado haijatolewa, pelekeni pingamizi lenu kwa NEMA sasa, mkiambatanisha picha ya tangazo na tarehe mliyoiona. Na kwa insafu niseme pia neno ambalo huenda msilipende: taka za mtaa wenu lazima ziende mahali. Usawa wa vizazi unamlinda mjukuu asirithi kisima kilichooza, lakini kuna na usawa wa watu wa kizazi kimoja, unaokataza kuzihamishia taka zetu kwenye kitongoji cha watu wasio na wa kuwasemea. Pingamizi lenu likija na pendekezo la mahali pengine, pamoja na ahadi ya nyumba zenu kutenga vya kuoza, litasomwa kwa jicho jingine.

Bi Wakili, kila kusi tunaokota chupa ufukoni, na nyingine zina maandishi tusiyoweza kuyasoma. Mchafuzi huyo atalipaje? — Mwanafunzi, Shela

Kwa sasa halipi, mwanangu, na wewe unayeinama kuiokota ndiye unayelipa kwa mgongo wako.

Sheria ya 2022 imewawekea watengenezaji na waagizaji wa bidhaa jukumu la kuifuata bidhaa yao hadi inapokuwa taka, na kanuni za utekelezaji wake zilitolewa mwaka 2024. Hiyo humshika aliyeuza chupa yake Kenya. Aliyeiuza ng'ambo ikaja kwa maji hashikiki kwa sheria ya nchi moja. Ndiyo sababu mataifa yalikubaliana Nairobi, Machi 2022, kuandika mkataba wa dunia nzima kuhusu plastiki. Kikao chao cha Geneva cha Agosti 2025 kilivunjika bila mapatano, na mzozo mkubwa ulikuwa kama mkataba upunguze plastiki inayotengenezwa au ushughulikie tu taka zake.

Wakati huo, mafundi wa Lamu walikwisha kuunda jahazi la plastiki iliyookotwa, Flipflopi, likashushwa majini mwaka 2018 na kufika Unguja mwaka uliofuata. Ni kazi ya kujivunia, ila jahazi moja halimalizi ufuko mmoja. Mnapookota, zitengeni chupa kwa maandishi yake. Zenye jina la kampuni inayouza hapa nchini zihesabuni, mwandike tarehe na pahali, na orodha hiyo mwalimu wenu aipeleke NEMA, maana hizo zina mwenyewe na anwani yake imechapishwa kwenye lebo.